Viti Vikijaa, Kibao Kimekufa

Saa nne na robo usiku mpiga bezi alikuwa bado hajafika. Mitambo imewashwa, mwimbaji kiongozi anaisemesha maiki "moja, mbili, moja, mbili" kama karani anayehesabu magunia, na sisi watu wapatao arobaini tumekaa kwenye viti vya plastiki tunatazamana. Meza ya mbele yangu walikaa wazee watatu. Mmoja wao, mwenye shati la kitenge la kijani, alikuwa amekunja mikono kifuani na chupa yake ya maji hajaifungua. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelipa kiingilio na sasa anataka kuona.

Mpiga solo akaona isiwe tabu. Akakaa ukingoni mwa jukwaa, akatoa koleo mfukoni, akaanza kubadilisha uzi wa gitaa. Akaukata wa zamani, akaupitisha mpya, akauzungusha mara tatu, kisha akawa anaukaza huku kidevu amekiegemeza kwenye mbao ya gitaa. Spika za ukumbi zilikuwa zinapiga muziki wa kwenye simu kwa sauti ya juu na masikio yasingemsaidia kitu, kwa hiyo alikuwa anausikiliza uzi kwa taya. Nimekwenda kwenye maonyesho mengi, hilo sikuwahi kuliona. Akapiga noti moja, akatulia, akakaza kidogo sana, akarudisha koleo mfukoni.

Mpiga bezi alifika saa tano kasoro, kwa bodaboda, gitaa mgongoni kama bunduki ya mgambo. Tukampigia makofi ya kejeli. "Foleni," akasema kwenye maiki, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Niseme ukweli, nilikuwa nimekwenda pale na kinyongo changu. Wiki nzima nilikuwa nasikiliza nyimbo mpya. Huo ni ugonjwa wangu wa miaka mingi: Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa, saa ambayo watu wenye kazi zao wamelala, mimi nimevaa hedifoni nasubiri nani ameachia nini. Nina daftari. Kila wimbo mpya unapata mstari mmoja, hata uwe wa nani, na mstari ukishaandikwa sifuti. Wiki ile nilikuwa nimeirudia EP (albamu fupi) ya Mbosso, *Room Number 3*, ile aliyoitoa 2025 baada ya kuondoka lebo ya WCB Wasafi. Ndani yake kuna wimbo ambao ulikuwa haukwepeki, uko kwenye daladala, uko kwenye harusi, uko kwa kinyozi. Daftarini niliuandikia hivi: "Mtamu. Mfupi. Umeniponyoka."

Sasa bendi, baada ya vibao viwili vya kupasha moto, ikaanza kuupiga huohuo.

Sikuujua mara moja. Mpiga solo aliuingia kwa mbali, nyuzi mbili za chini, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta swichi. Aliyeimba alikuwa mwanamama wa makamo, sauti nzito kidogo, na maneno aliyaacha vilevile kama yalivyo kwenye rekodi. Lakini aliyatawanya. Pale ambapo Mbosso anapita kwa wepesi, yeye alikuwa anasimama, anaangalia watu, ndipo anamalizia. Wimbo wa mapenzi ya kijana ukageuka kuwa wa mtu aliyeshaachwa mara mbili na bado anajaribu. Mzee wa shati la kijani akakunjua mikono.

Halafu pale rekodi inapoishia, hawakuishia. Mpiga drams akabadili mkono, tumba zikaingia, tarumbeta moja (moja tu, bendi zenye tarumbeta tatu siku hizi ni za kutafuta kwa tochi) ikatupa sentensi fupi, solo akaijibu, na tukaingia kwenye chemko. Wasiozoea dansi niwaelezee: kibao cha dansi kina nusu mbili. Nusu ya kwanza inasimulia na unacheza kwa adabu. Ya pili ni ya vyombo, mwendo unapanda, magitaa yanakimbizana, na adabu inabaki mezani pamoja na pochi. Wazee watatu wote walikuwa wamesimama. Wa shati la kijani alikuwa anacheza mguu mmoja mbele mmoja nyuma, mabega hayatikisiki, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Niliangalia saa mwanzo na mwisho. Dakika kumi na moja.

Kibao kilichofuata nacho kilikuwa kipya, wimbo mwingine wa msimu, na hapo ndipo nilipoona jambo lililonifanya niandike makala hii. Kiitikio cha kwanza watu bado wako kati. Cha pili, wawili wakarudi kukaa. Kisha wanne. Kisha lile kundi la akina dada waliokuja pamoja, wote kwa mkupuo. Mwimbaji kiongozi hakuwa anaimba wakati huo, alikuwa pembeni anapangusa jasho, lakini macho yake yalikuwa kwenye viti. Vilipojaa nusu aliinua vidole viwili. Drams zikakata, bezi akashuka, na kabla hujajua kilichotokea walikuwa ndani ya kibao cha zamani cha bendi ya Sikinde na ukumbi umesimama tena. Hakuna aliyetangaza lolote. Wimbo ule mpya ulikuwa umehukumiwa na kuzikwa kwa muda wa dakika tatu, na majaji walikuwa watu wenye viatu vinavyobana.

Hukumu ile ndiyo ninayoililia. Kwenye simu hakuna anayeona umeuruka wimbo. Unabonyeza, unapita, msanii hajui, prodyuza hajui, jirani yako kwenye daladala hajui. Ukumbini kukataa kwako kuna mwili: unainuka, unarudi kwenye kiti, mwenye wimbo anakuangalia mgongo.

Muziki wetu wa dansi ulijengwa juu ya hofu hiyo ya kuonyeshwa mgongo. Bendi zilikuwa na wenyewe, na waliosahau ni vizuri wakumbushwe: NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, UDA Jazz ya shirika la mabasi ya Dar es Salaam, Bima Lee ya shirika la bima, Kimulimuli ya JKT, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake na koo lake, basi. Pesa za kuuza rekodi zilikuwa za kuhadithiwa tu. Wimbo ulipikwa mazoezini, ukapigwa ukumbini, na bendi ilipoingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi, kwa kawaida ilikuwa inajua tayari wapi watu wanainuka na wapi wanakwenda msalani. Ndiyo maana rekodi zile za RTD, pamoja na ufundi wake wa kizamani, hadi leo hazina sehemu iliyolala. Sehemu zilizolala zilikuwa zimeshakatwa na viti.

Kwetu ushabiki wa bendi ulikuwa wa kifamilia. Mama alikuwa Msondo, mjomba wangu Sikinde, na sikukuu haikupita bila wao kugombana. Kwa walio mbali: Msondo ndiyo ile NUTA Jazz, iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, kisha ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Sikinde ni Mlimani Park, iliyoanza 1978. Katikati yao alisimama Muhidin Gurumo, mwimbaji aliyepita kote kuwili. Mama alikuwa akifunga ubishi kwa swali moja: "Gurumo mwisho alirudi wapi?" Mjomba naye alikuwa na lake: "Na alipotaka kupumua alikwenda wapi?" Gurumo alifariki Aprili 2014, na sikukuu iliyofuata wawili hao walikaa kimya kabisa, wakala, mjomba akaweka kanda ya Msondo mwenyewe bila kuombwa. Mama akaacha ipigwe upande mzima.

Naomba nisieleweke kama mzee anayelalamikia vijana. Nyimbo mpya nazipenda kwa kiwango cha kunitia hasara ya bando. Na ufupi wake nauelewa. Spotify, iliyofungua milango kwetu Februari 2021, inahesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Ukiwa prodyuza utaweka nini sekunde ya 5? Kiitikio, bila shaka. Huwezi kumwachia mpiga solo dakika nzima ya kutafuta swichi gizani wakati msikilizaji ana kidole gumba juu ya kioo. Halafu huyo mpiga solo anadai nauli. Kwa hiyo kijana anapeleka sauti, prodyuza anaweka biti, wimbo unatoka una dakika mbili na nusu, umepakwa sukari kuanzia mlangoni hadi uani. Hesabu zao ni sahihi kabisa.

Ninachofanya mimi Alhamisi usiku ni kutafuta mlango. Mlango ni ile sehemu ya wimbo ambapo, ukiukabidhi kwa bendi, bendi ina pa kuingilia. Inaweza kuwa sauti ya gitaa iliyoachwa kwa pumzi mbili tu kabla ya ubeti. Inaweza kuwa neno moja ambalo mwimbaji analirudia na kila akilirudia linabadilika. Wimbo wenye mlango utadumu kwenye harusi miaka ishirini. Usio na mlango, hata ukitazamwa na dunia nzima, mwakani MC atausahau.

Mfano wangu ninaoupenda si wa jana, lakini sijapata unaoupiku. Zuchu alipotoka na EP yake ya kwanza 2020, alimweka ndani yake mama yake mzazi, Khadija Kopa, kwenye wimbo "Mauzauzau". Vaa hedifoni nzuri uusikilize. Binti ana sauti safi, iliyolelewa na maiki nzuri ya studio, inakuja karibu na sikio inakunong'oneza. Kisha anaingia mama. Sauti ya Bi Khadija ilikomaa kwenye taarabu, Culture Musical Club Unguja na baadaye kikundi cha TOT bara, kwenye majukwaa ambayo mitambo inaweza kukusaliti wakati wowote, na unasikia kabisa kwamba mwanamke huyu hajawahi kuiamini maiki hata siku moja. Anaimba kumfikia mtu wa mstari wa mwisho. Ghafla chumba cha studio kinakuwa ukumbi. Ule ndio mlango. Daftarini niliandika neno moja: "Mama!"

Kwa upande mwingine, nimechoka na lile besi la amapiano linalodunda kama mtu anayepiga pipa tupu. Wasauzi wanalipiga vizuri kwa sababu wanaliacha lipumue, nyimbo zao zinakwenda dakika sita, saba, hawana haraka. Sisi tumechukua pipa tukaacha pumzi. Kuna mwezi niliandika daftarini "pipa" mara tisa mfululizo nikafunga nikalala.

Lakini singeli! Kama kuna muziki wa sasa ambao haujaacha kuogopa watu wake, ni singeli. Sisso na Maiko walitoa *Singeli Ya Maajabu* mwaka 2024, na jina si tambo. Siku ya kwanza niliisikiliza nikiwa natembea kwa miguu nikajikuta nimefika kituo cha mbele bila sababu. Mwendo wa singeli unazidi midundo 200 kwa dakika, mara nyingine unakaribia 300, yaani mara mbili ya muziki unaoitwa wa haraka sehemu nyingine, na juu ya huo mwendo Maiko anapiga kinanda kama mtoto aliyeachiwa duka la pipi. Sauti zinateleza, zinacheka, zinapiga kelele za katuni, kisha kinapita kipande kifupi cha kitu kinachonukia taarabu, na kabla hujakishika kimeshaondoka. Kuna watu watakwambia hiyo ni kelele. Kuna watu waliwahi kusema hivyohivyo kuhusu mchiriku, vile vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa na vipaza sauti vya mikutano, na mchiriku ndio shangazi yake singeli.

Ninachokipenda zaidi ni historia yake ya studio. Studio ya Sisso iko Mburahati. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa *Sounds of Sisso*, na baada ya hapo vijana wa uswahilini wakawa wanapanda ndege kwenda kupiga Ulaya kwenye kumbi ambazo wengi wetu hatutaziona. Na kinachowafanya wawe hatari kule ni kwamba walishafanyiwa mtihani huku, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku.

Kigodoro cha mwisho nilichokwenda hakikuwa na jukwaa. Kompyuta mpakato ilikuwa juu ya meza ya kulia chakula, meza ilikuwa juu ya matofali, spika zimerundikwa mpaka usawa wa bati. DJ alikuwa na miaka labda kumi na tisa. Kilichonivutia ni vidole: vya mkono wa kushoto vilikuwa vinabonyeza herufi za kompyuta, kila herufi ina sauti yake, na baadhi ya herufi zilikuwa zimefutika kabisa kwa kubonyezwa. Herufi A haikuwepo. E ilikuwa imebaki mkono mmoja. Mkono wa kulia anaupandisha mwendo taratibu, mwanana, kama anayeongeza moto wa jiko la mkaa kwa kupepea.

Viti? Hapakuwa na viti kabisa. Kwa hiyo kukataa kunafanywa kwa mdomo. Biti ikishindwa kuwakamata watu, unasikia kutoka nyuma: "Badilishaaa!" Na si mtu mmoja. DJ ana sekunde chache za kuokoa maisha yake. Usiku ule alibadilishiwa mara mbili. Mara ya tatu walipoanza kupiga kelele aliinua mkono kuwasubirisha, akabonyeza ile herufi iliyofutika, ikatoka sauti moja ya filimbi iliyopinda, na uwanja mzima ukaruka. Alikuwa ameificha makusudi. Kijana wa miaka kumi na tisa alikuwa anajua kitu ambacho Mlimani Park walikijua: waache watu wafike ukingoni mwa kuondoka, kisha washike shati.

Linganisha na jambo lililonipata miezi michache kabla. Msanii mkubwa, jina lake sitalitaja, ukumbi mzuri wenye zulia, tangazo limeandika kwa herufi nyekundu kwamba ni laivu na bendi. Kiingilio kilinifanya nile mihogo wiki nzima. Tulisubiri kwa muda wa saa tatu. Alipotoka, taa, moshi, shangwe. Bendi ilikuwepo kweli, imevaa suti nyeupe. Nilikuwa upande wa kushoto karibu kabisa na mpiga gitaa, na wimbo wa pili nikaona waya wa gitaa lake. Unajua waya huo unapaswa uende kwenye spika. Wa kwake ulishuka kutoka kwenye gitaa, ukapita kiunoni, ukaingia mfuko wa nyuma wa suruali. Umechomekwa mfukoni. Alikuwa anapiga gitaa la mfukoni kwa hisia kali, macho amefumba, mara anainamisha kichwa nyuma kama anaumwa jino. Nilicheka mpaka mwanamke wa pembeni akaniuliza kuna nini. Nikamwonyesha. Akaangalia, akanyamaza kidogo, akasema, "Angalau suti imemkaa."

Kilichonisikitisha kuliko ule waya ni sisi wenyewe. Hakuna aliyekaa, maana viti viliondolewa. Hakuna aliyecheza pia. Mikono yote ilikuwa juu na simu. Huwezi kuukataa wimbo wakati unaurekodi; mkono ukishauinua umeshapiga kura. Msanii aliimba juu ya sauti yake mwenyewe dakika arobaini akaondoka, na nina hakika aliondoka akiamini alitumaliza.

Kwa hasira za usiku ule nilivuka maji. Tamasha la Sauti za Busara linafanyika Unguja kila Februari tangu 2004 (liliruka 2016 kwa kukosa fedha, nikakaa Dar Februari ile nikiwa kama mfiwa), na lina sharti ambalo laiti lingepigwa muhuri nchi nzima: muziki uwe laivu. Huji na flashi yenye nyimbo zilizorekodiwa. Ndani ya Ngome Kongwe kuta ni nene, anga iko wazi, na nje tu ya lango kuna Forodhani, penye vyakula vya usiku. Hiyo ndiyo kura ya pale. Bendi ikilegea, watu wanakwenda kula urojo. Nimeshaona msanii wa kutoka mbali, mwenye sifa zake, akipoteza nusu ya ngome kwa wimbo mmoja mrefu wa kujitambulisha, na nimeona kikundi cha ngoma ambacho hakuna aliyekuwa anakijua kikiwarudisha watu wote na bakuli zao mikononi.

Unguja wana hukumu nyingine inayonitisha zaidi, ya taarabu. Kule mambo yamegeuka: kukaa ndiyo kawaida, kuinuka ndiyo hukumu. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanza 1905, kinapiga na watazamaji wametulia kwenye viti kama wako darasani, vyombo vya udi, kanuni na fidla, kila kimoja na nafasi yake. Mwimbaji anaimba beti, hakuna anayeinuka. Anaimba ya pili. Kisha unafika mstari mmoja wenye fumbo, na mwanamke mmoja wa mstari wa tatu anasimama.

Nilimwangalia kwa makini mmoja wa namna hiyo. Alikuwa mama mtu mzima, buibui, mkoba mdogo. Hakukimbia. Alitoa noti, akaikunja kwa urefu, akainuka na kuanza kwenda mbele kwa mwendo wa muziki, na njiani akapita mbele ya meza fulani kwa makusudi, hali ingekuwa rahisi kupita upande wa pili. Pale mezani wanawake wawili waliangalia chini. Akafika jukwaani mstari ulipokuwa unarudiwa, noti akaiweka kwenye kiganja cha mwimbaji silabi ya mwisho ilipotua, akageuka, akarudi kwa njia ileile. Hakutamka neno. Mwimbaji alijua, wapiga fidla walijua, meza ile ilijua vizuri kuliko wote, na mstari ukapigwa mara ya tatu kwa heshima yake. Hakuna kitufe cha moyo mwekundu kitakachokuja kufanya kazi ile.

Ndiyo maana nawafuatilia sana vijana waliopita Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki cha Unguja kilichoanzishwa 2002. Siti & the Band wametoka humo, na albamu yao ya 2018, *Fusing the Roots*, bado naiweka mezani mtu akiniambia muziki mpya wetu hauna vyombo. Udi na kanuni viko palepale, na bezi linatembea chini yake kama la mtu aliyelelewa na redio. Wameuacha mlango wazi makusudi. Ukiwasikia jukwaani wimbo uleule unakuja na urefu mwingine, kulingana na nyinyi mlioko mbele yao mnasema nini kwa miili yenu. Kwenye daftari wana mistari mitano, kinyume cha sheria yangu, maana kila nikiwasikia laivu lazima niongeze.

Turudi ukumbini Jumamosi ile. Bendi ilimaliza saa tisa usiku kasoro. Wanakusanya nyaya, nikamfuata mpiga solo kumuuliza ule wimbo wa Mbosso walikuwa wameufanyia mazoezi kwa muda gani.

"Upi?"

Nikamwimbia kiitikio, vibaya.

"Aah. Huo leo ndiyo mara ya pili. Wiki iliyopita tuliupiga kama ulivyo kwenye simu, wakakaa wote." Akafunga kasha la gitaa. "Yule mzee wa kijani ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa. Nikamwambia mwenzangu, Jumamosi ijayo nampigia yeye."

Mzee alikuwa ameshaondoka. Chupa yake ya maji ilikuwa mezani, haijafunguliwa.

Nilifika nyumbani nikafungua daftari. Mstari wa zamani sikuufuta, sheria ni sheria. Chini yake niliandika: "Dakika kumi na moja. Shati la kijani hakukaa."